Glasi ya Divai Isitutishe

Wamama wapenzi, pamoja na ninyi wababa mnaosoma karatasi hii wakati sisi tuko sokoni, juma hili tunataka kuongea juu ya chupa. Si chupa ya mafuta, wala chupa ya gazi ambayo bei yake inatuumiza kichwa. Ni ile chupa ya shingo ndefu inayowekwa kwenye meza ya heshima siku ya harusi, imefungwa utepe, na ambayo wengi wetu tunaiangalia kwa mbali kama picha ya ukutani. Wengine tunaiita divai, kwa kuwa ndivyo tunavyoisoma katika Biblia. Wengine wanasema vin, kama Wafaransa. Kinywaji ni kilekile.

Tunaiandikia kwa sababu inagawa watu. Angalieni chini ya turubai lolote, Himbi au Ndosho, Katindo au Majengo. Wababa wanawekewa Primus bila hata kuulizwa. Wamama tunaulizwa swali moja tu: "Mama, sukre gani?" Fanta au Vital'O, chagua. Divai inapelekwa kule mbele, kwa wazazi wa bwana na bibi arusi, kwa mkubwa wa kazi, kwa mgeni aliyetoka Kinshasa au Ulaya. Mama wa meza ya nyuma akijaribu kuiomba, protokole anamtazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa. Tumeisikia kwa masikio yetu: "Mama, hiyo si ya huku." Na ikitokea akapewa, meza ya jirani inaanza kunong'ona: ule mama anakunywa vin, bwana yake iko wapi? Baba mwenye chupa ya nne mkononi haulizwi bibi yake iko wapi.

Hatuandiki haya ili kila mtu aanze kunywa. Wengi katika chama chetu hawaonji kileo kabisa, na tutawafikia hapa chini, maana nao wana malalamiko yao na ni ya haki. Tunaandika kwa sababu aibu hii inatugharimu. Kuna vijana wanaochukua zamu yao ya likelemba, pesa iliyopaswa kulipa nyumba ya kupanga, wanainunulia chupa za meza ya mbele zenye majina ya Kifaransa ambayo wao wenyewe hawawezi kuyasoma. Huko nyuma wageni wanagawana maji. Kuna binti zetu waliosoma, wanaalikwa kwenye chakula cha kazi, na jioni nzima wananyamaza kwa hofu ya kushika glasi vibaya. Tangu Januari 2025 pesa imekuwa ngumu mjini kwetu, na bado chupa hii inaendelea kudai heshima yake.

Heshima hiyo ilitoka wapi? Sehemu kubwa ilitoka kwa wakoloni. Bia ya kiwanda ilianza kutengenezwa Kongo zamani: Bralima ilianzishwa Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwaka 1923. Mkongomani aliruhusiwa kuinywa na akaizoea. Lakini divai na pombe kali za chupa zilibaki kwa miaka mingi kuwa vitu vya mzungu, na sheria ilisaidia zibaki hivyo. Kwa hiyo Mkongomani alipoweza hatimaye kuweka divai mezani, alikuwa anatangaza jambo: kwamba amefika. Wabelgiji waliondoka 1960, lakini tangazo limebaki mezani. Bia ilikuwa ngeni vilevile, ila leo hakuna anayevaa kravati ili afungue Primus.

Sasa tuje kwa jambo ambalo hasa limetufanya tushike kalamu. Sisi watu wa Kivu si wageni wa divai. Bibi zetu na babu zetu waliijua vizuri kuliko wengi wanaojidai nayo leo, ila yao ilitoka kwenye ndizi na iliitwa kasiksi.

Wale waliokulia Masisi, Rutshuru, Kalehe au Idjwi wanakumbuka kazi yenyewe. Ndizi za pombe zinakatwa bado kijani, zinafukiwa kwenye shimo lililopashwa moto na kutandikwa majani ya mgomba, zinafunikwa siku kadhaa mpaka ziive zote kwa pamoja. Kisha zinamenywa na kukamuliwa pamoja na nyasi ngumu, kwenye mtumbwi wa mbao, mpaka maji matamu yatoke. Maji hayo ndiyo mutobe, na mtoto yeyote anaweza kuyanywa. Ukitaka kasiksi, unachuja, unaongeza maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, unafunika, unangoja. Siku ya kwanza bado ni tamu. Siku ya pili inaanza kuchemka yenyewe, bila moto. Siku ya tatu ni kali, na utamu karibu wote umekwisha. Ukiiacha zaidi, inageuka siki.

Darasani tunaeleza hivi: chachu inakula sukari, inatoa alkoli na gesi. Hakuna siri nyingine. Kwenye zabibu ni chachu ileile na kazi ileile, tofauti ni tunda na muda. Mama aliyewahi kuonja kasiksi ya siku ya kwanza na ya siku ya tatu ameshasoma nusu ya maneno yaliyoandikwa kwenye chupa za dukani. Ukiona "doux" au "moelleux", ni tamu: sukari imebaki, kama kasiksi changa. Ukiona "sec", maana yake si kwamba divai imekauka, bali chachu imekula karibu sukari yote, kama kasiksi ya siku ya tatu. "Demi-sec" iko katikati. Hapo tunaongeza jambo moja la kuchekesha: kwenye chupa za mapovu, zile za kupasua kizibo, neno "extra dry" lina maana ya tamu kidogo kuliko "brut". Wenyewe walioyaandika hawakufikiri vizuri. Msijilaumu mkichanganya.

Na ule uchungu wa divai nyekundu unaokausha ulimi? Mnaujua pia. Umewahi kuuma ndizi ambayo haijaiva? Umewahi kunywa chai iliyosahauliwa kwenye majani? Ni kitu cha aina hiyo, kinatoka kwenye ganda na mbegu za zabibu. Rangi nyekundu nayo inatoka kwenye ganda, maana maji ya zabibu nyingi ni meupe hata kama ganda ni jeusi. Divai nyeupe inakamuliwa kisha maganda yanatupwa mapema, ndiyo sababu haikaushi ulimi sana. Basi mama anayesema "nyekundu inanikwaruza, nipatie nyeupe tamu" si mshamba. Amesema anachotaka kwa maneno sahihi, na protokole anayecheka ndiye hajui kazi yake.

Kuna desturi nyingine inayotisha watu hotelini. Anayehudumia anafungua chupa, anamimina tone moja tu kwenye glasi ya aliyeagiza, halafu anasimama anangoja. Binti zetu wanafikiri ni mtihani. Lakini kumbukeni kibuyu kilipoletwa mbele ya wageni siku ya mahari. Nani alivuta mrija kwanza? Mwenye nyumba. Alionja mbele ya macho ya wote, ili wajue kinywaji ni kizima na hakina ubaya ndani. Hotelini ni desturi ndugu yake: anayelipa anaonja kwanza, aone kama divai haijaharibika, isinuke siki au kizibo kilichooza. Hakuna hotuba inayotakiwa. Unaonja, unatikisa kichwa, wengine wanamiminiwa.

Na baada ya mwenye nyumba kuonja, mrija ulizunguka. Kibuyu hakikuwa na meza ya mbele na meza ya nyuma. Hatusemi zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Katika makabila mengi wazee wa kiume walianza na wamama walingoja upande, na mara nyingi kukamua kulikuwa kazi ya wanaume huku kuuza na kugawa kukiwa kwetu. Lakini kinywaji chenyewe hakikuhitaji mtu awe na kisomo ili akipokee. Leo kasiksi inapungua, na si kwa sababu ya dharau tu. Ugonjwa wa mnyauko uliingia mashamba ya migomba ya Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndizi za pombe ziliumia sana. Vita ikamaliza mashamba mengine. Kwenye soko la Kituku mikungu inashuka bado kutoka kwenye boti, lakini bibi anayekamua mwenyewe amekuwa adimu.

Wenzetu wengine wa kanda hii hawakuiona ndizi kuwa aibu. Arusha, Tanzania, kampuni ya Banana Investments imekuwa ikitengeneza divai ya ndizi tangu miaka ya 1990, inaweka kwenye chupa, na watu wa kawaida wanainunua bila kuuliza adabu yake. Dodoma, nchi kavu ambayo mtu hangetegemea, wanalima zabibu zenyewe. Wamisionari Wakatoliki walileta mizabibu kwa ajili ya divai ya misa, wakulima wakaichukua, na kwa sababu ya hali ya hewa wanavuna mara mbili kwa mwaka, wakati Ufaransa wanavuna mara moja. Divai yao tamu inayoitwa Dompo inanywewa na watu ambao hawajawahi kushika glasi ya mguu mrefu. Ukiiona dukani, jaribu, usiulize kwanza kama inafaa.

Tunapenda sana habari ya mama mmoja wa Afrika Kusini, Ntsiki Biyela. Alikulia kijijini KwaZulu-Natal, kwa bibi yake. Alipomaliza shule alifanya kazi za nyumbani kwa watu. Mwaka 1999 alipata msaada wa masomo kwenda Chuo Kikuu cha Stellenbosch kujifunza kutengeneza divai, yeye ambaye alikuwa hajaionja hata siku moja, na masomo yalitolewa kwa lugha ya Kiafrikana ambayo hakuijua. Fikirini mwanafunzi wa kwetu anayefika shuleni hajui Kifaransa, halafu somo lenyewe ni juu ya tunda ambalo kwao halikui. Alimaliza 2003, mwaka uliofuata akawa mtengenezaji wa divai wa kwanza mwanamke mweusi nchini mwake, na 2009 alichaguliwa kuwa mtengenezaji mwanamke bora wa mwaka huko. Sasa ana divai yake mwenyewe. Ameipa jina Aslina. Ni jina la bibi yake.

Wako pia vijana wanne wa Zimbabwe waliokimbia shida za kwao wakaenda Afrika Kusini, wakaingia kazini kwenye mahoteli na kujifunza divai hapohapo kazini. Mwaka 2017 walikwenda Burgundy, Ufaransa, kwenye mashindano ya dunia ya kuonja divai bila kuona chupa. Hawakushinda, lakini walikaa meza moja na mataifa yaliyolima zabibu tangu zamani za Warumi, na filamu ilitengenezwa juu yao, inaitwa Blind Ambition. Mji wetu unajua vizuri maana ya kukimbia na kuanza upya. Ulimi wa mkimbizi unaonja sawa na ulimi wa mwenye kasri.

Watu wa Ulaya wenyewe, tukiwaangalia nyumbani kwao, hawana masharti tunayowadhania. Wahispania wanachanganya divai nyekundu na vipande vya matunda, sukari na barafu, wanaiita sangria. Vijana wa Basque wanaichanganya na kola, nusu kwa nusu. Waaustria wanaongeza maji ya mapovu siku za joto. Hakuna polisi anayekuja. Sasa sisi tuna mananasi, maracuja na mandarini, tunashindwa na nini? Jagi moja la divai nyekundu ya bei ndogo, mandarini nne zilizokatwa, nanasi, kijiko cha sukari na barafu, na wageni kumi na wawili wameonja badala ya watano. Mtu atakayesema umeharibu divai, mwambie ailete ya kwake.

Na chakula? Hapa ndipo tunacheka kidogo. Huko Ulaya jioni ya divai na jibini ni jambo la watu wenye nafasi. Sisi tuna fromaji ya Masisi, ile ya mviringo ambayo mapadri waliotoka Ulaya walifundisha watu kutengeneza kwenye vilima vyetu, na tunampa mtoto ndani ya mkate asubuhi bila kufikiria. Ikate vipande, weka kwenye sahani na nyekundu pembeni, umefanya jioni ya Paris huko Kyeshero. Sambaza waliokaangwa, wakiwa moto, na limau juu, wanakwenda vizuri na nyeupe "sec" iliyopoa. Ule ukali unakata mafuta mdomoni kama limau lenyewe. Mbuzi wa kuchoma anataka nyekundu. Sombe tumejaribu na zote mbili na hatukukubaliana, kila mama alitetea yake. Pilipili nyingi inafanya divai kali ionekane kali zaidi, basi kwa chakula cha pilipili chukua tamu.

Glasi ya mguu mrefu ni nzuri ukiwa nayo, kwa sababu mkono haupashi kinywaji moto. Ukiwa huna, glasi ya maji inatosha, kikombe kinatosha. Nyeupe ipoe; nyekundu isikae juani wala karibu na mabati ya paa ambako mchana kunawaka. Hewa yetu ya mita 1,500 inaitunza vizuri mahali penye kivuli, hata bila frigo. Chupa yenye kifuniko cha kuzungusha si ya maskini, viwanda vingi vizuri vinakitumia siku hizi, na kinakuokoa na balaa la kutafuta kizibuo wageni wakiwa wamesimama.

Sasa hesabu, maana kukaribisha watu si kuwalewesha. Primus kubwa ina sentilita 72 zenye alkoli asilimia 5 hivi. Divai mara nyingi ina asilimia 12 mpaka 14. Chupa ya divai ya sentilita 75 ni kama Primus mbili na nusu zikiwa zimekunjwa pamoja, kwa hiyo si chupa ya mtu mmoja, ni chupa ya watu sita. Inatoa glasi sita za sentilita 12 na nusu, na kila glasi ni pungufu kidogo ya nusu ya Primus. Anayejaza glasi ya maji mpaka juu kwa divai anafikiri amekunywa "kimoja", kumbe ni viwili. Ukipanga harusi, ukitaka watu 60 waonje glasi moja moja, ni chupa kumi za kawaida, na ni afadhali hizo kumi kuliko tatu za kujionyesha. Hesabu hii mpeni yule kijana wa likelemba kabla hajakwenda dukani.

Na tuseme wazi juu ya afya. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hakuna kiasi cha kileo ambacho mtu anaweza kusema hakina hatari kabisa. Mama mwenye mimba asinywe, hata kidogo, hata ile ya "kuongeza damu" ambayo majirani wanaipendekeza kwa sababu ni nyekundu. Rangi haiongezi damu. Lenga-lenga na maharagwe vitasaidia zaidi. Anayekunywa dawa aulize kwanza kituo cha afya. Tunajua pia nyumba ambazo kileo kimezivunja, na nyingi hazikuvunjwa na divai bali na zile pombe kali za chupa ndogo zinazouzwa kwa bei ya pipi karibu na shule. Hizo zinahitaji makala yake, na itakuja.

Ndiyo maana tunarudi kwa wenzetu wasiokunywa. Mama wa CBCA, mama Msabato, mama Mwislamu wa Birere, mama aliyeacha baada ya kuteseka miaka mingi: wote hawa wanapata shida upande wa pili wa meza ileile. Wanachekwa. "Hata kidogo tu, mama, ni sherehe!" Mtu anamimina bila kuuliza, halafu glasi inakaa mbele ya mama jioni nzima kama mashtaka. Au wanapewa maji ya uvuguvugu ndani ya kikombe cha plastiki, wakati wengine wanasimama na glasi za kung'aa kusema "santé". Kama tunataka meza ya divai iwe ya wote, basi ianze na huyu. Apewe glasi ya aina ileile, iliyojaa kitu kilichotengenezwa kwa bidii ileile. Mutobe uliopoa, ukichujwa vizuri, una rangi ya kupendeza kuliko divai nyingi nyeupe. Maji ya maracuja yasiyo na sukari nyingi vilevile. Na asiulizwe sababu. Akisema hapana, inatosha. Huenda ni imani, huenda ni mimba ambayo hajaitangaza bado, huenda ni dawa. Hiyo siyo kazi ya meza.

Wanaosoma Injili ya Yohana wanakumbuka arusi ya Kana. Aliyeona kwamba divai imekwisha alikuwa mama, si wakubwa wa meza ya mbele. Na mitungi ilikuwa sita, mikubwa, ya kutosha watu wote wa kijiji.

Kwa wanaotaka kuanza, anzeni nyumbani, si harusini ambako macho ni mengi. Wamama sita katika kartye moja, Jumapili alasiri, kila mmoja atoe kidogo. Nunueni chupa moja tu, tamu au nusu tamu, maana ulimi uliozoea sukre unaruka ukipewa "sec" mara ya kwanza. Wekeni jagi la mutobe kando. Kila mmoja aonje mara mbili, kwanza bila chakula, kisha pamoja na fromaji, na aseme kwa Kiswahili chake inafanana na nini: ndizi iliyoiva sana, moshi, mandarini, majani ya chai, ngozi, hata dawa ya kikohozi. Hakuna jibu la kosa. Wataalamu wenyewe wanasema vitu kama mawe yaliyolowa na mkojo wa paka, na wanalipwa mshahara. Anayesema haipendi ameonja vizuri kama anayeipenda. Binti wakubwa wa nyumba wakae karibu wasikilize, bila kunywa, ili siku ya chakula cha kazi wawe wamekwisha kuona chupa ikifunguliwa na mama yao.

Chupa ikibaki, irudishie kizibo na kuiweka mahali pa baridi. Siku mbili au tatu bado inanyweka. Ikianza kuchacha, usiimwage: mimina kwenye sufuria ya mbuzi pamoja na vitunguu, nyanya na kitunguu saumu, acha kwenye moto mdogo saa moja na nusu. Alkoli nyingi inakwenda na mvuke, lakini si yote, kwa hiyo mwambie jirani asiyekunywa kabla hajakaa mezani, na umtengee nyama yake kwenye sufuria nyingine.